Huku Kiambere Sasa Watu Hupimwa Mchana

Kaka yangu mpendwa,

Mvua za vuli zimechelewa tena, na ndengu tulizopanda shamba la juu zimeota moja hapa, moja pale, kama meno ya mtoto. Kila nikipalilia upande ule nakukumbuka. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika jembe, na wewe ndiye uliyenifundisha kulitupa. Mama akishapotea tu kwenda kuteka maji, ulikuwa unapanda juu ya jiwe na kuhubiri kama mchungaji wetu: unakohoa kama yeye, unafuta jasho kama yeye, mbuzi wamekutolea macho. Mimi peke yangu nilikuwa kanisa zima. Nilikuwa nacheka mpaka nalala mchangani. Sasa mimi ni mama wa watoto, nacheka kama watu wengine wanavyocheka, lakini vile sijacheka tena.

Kisha ukaenda Meru mjini kujengea watu nyumba. Ulikuwa ukirudi na ndizi za kule juu na maneno ya Kimeru uliyoyasema makusudi ili baba akasirike. Safari moja ukarudi mikono mitupu, shati likikupwaya. Ulitukalisha jikoni, mama, baba na mimi, ukasema, "Nimepimwa. Nina virusi vya UKIMWI. Nimepewa dawa, na daktari anasema nitaishi."

Bado nasikia vile ulivyolitamka hilo "nitaishi", polepole, ukitutazama mmoja mmoja kama mtu aliyebisha hodi na anangoja karibu. Nilikushika mkono. Mama akageukia moto, baba akatoka kwenda kuangalia mbuzi.

Mama si mtu mbaya, kaka, unajua. Alikuwa amemuuguza dada yake enzi zile ugonjwa huu haukuwa na dawa, akamfumba macho kwa mikono yake, na hofu ile haikuwahi kumtoka. Kesho yake sahani yako ilikuwa imetiwa alama ya rangi. Baba akawa anatoka na mbuzi bila kukuita. Rafiki yako Nyaga, mliyekua pamoja kama mapacha, akawa anakusalimia akiwa ng'ambo ya barabara. Dispensari ilikuwa hapahapa, lakini dawa ulizifuata kulekule Meru ili usionekane kwenye foleni.

Asubuhi uliyoondoka nilikusindikiza mpaka njia panda ya Gachoka. Nilikusihi usubiri, nikakuambia watu watazoea. Ukanijibu, "Dada, huu ugonjwa hautaniua. Lakini nikikaa hapa, macho ya watu yataniua." Ulipiga simu mara chache. Baadaye nambari yako ikawa haipatikani, na mpaka leo huwa naijaribu.

Sasa nataka nikusimulie mambo yaliyotokea huku nyuma yako, kwa sababu hukuyaona, na ni wewe uliyeyaanzisha.

Jumapili moja muuguzi wa dispensari alikuja kanisani na wahudumu wa afya wa kijiji, wakapiga hema uani. Mchungaji akatangaza kwamba baada ya ibada, anayetaka kupimwa virusi aingie humo, ni bure na ni siri yake. Ibada ikaisha. Watu wakasimama uani wakizungumza habari za mbuzi na mvua, kila mmoja akilitupia hema jicho la pembeni. Hakuna aliyesogea. Muuguzi akaanza kupanga vifaa vyake upya, vile mtu hufanya akiona haya.

Ndipo mama akakaza kitambaa chake cha kichwa, akaenda kusimama mbele ya lile hema.

"Mnanijua," akasema. "Kijana wangu alipimwa, akaja akaniambia mimi mama yake. Mimi nikamtengea sahani. Mnasema alihamishwa na ugonjwa. Si ugonjwa. Ni mimi."

Baba akamsogelea. "Mama watoto, inatosha. Twende nyumbani."

"Enda wewe," mama akamwambia. "Mimi naingia kupimwa."

Akaingia. Baba alibaki amesimama, kofia mkononi, watu wote wakimtazama. Sijawahi kumwona baba yetu akikosa mahali pa kuweka macho. Halafu naye akainama, akaingia. Baada yake akaingia mchungaji, kisha wanawake wa kwaya, kisha mimi, kisha foleni ikafika hadi langoni.

Nyaga alikuwa kwenye foleni ile. Alipotoka hakusalimia mtu, alizunguka akaenda kukaa nyuma ya kanisa, na mama akamfuata huko. Walichozungumza sikukisikia. Ninachojua ni kwamba mama alikuja naye nyumbani, akampakulia, akala naye. Katikati ya chakula Nyaga akaweka kijiko chini. "Nilikuwa nikimkwepa barabarani," akasema. "Mtu aliyenifundisha kuogelea." Akalia. Alikuwa akizungumza juu yako. Kesho yake mama ndiye aliyemsindikiza kuanza dawa.

Ungemwona leo usingemjua, amenenepa! Muuguzi amemweleza kwamba virusi vyake vimepungua hata kipimo hakivioni, na kwamba akiendelea hivyo na dawa hatamwambukiza mkewe. Mkewe anajua kila kitu. Wana msichana, amepimwa, yuko salama. Nyaga mwenyewe ameniruhusu niyaandike haya. Alisema, "Mwandikie, na jina langu uliweke."

Mama siku hizi huzunguka boma kwa boma na wale wahudumu. Huwafuata hata wanaume wanaotafuna majani ya muguka vibandani, akaketi nao, akawauliza habari za mifugo kwanza. Lakini sitakudanganya kwamba tumemaliza. Wanaume wengi wakisikia habari ya kupimwa hukumbuka ghafla kwamba wana safari. Wapo wanaoipita dispensari yetu kwenda mbali, kama ulivyofanya. Mmoja aliona amepata nafuu akaacha dawa, tukamzika.

Kwenye mikutano muuguzi hutueleza lengo: kila mtu ajue hali yake, kila mwenye virusi awe kwenye dawa, na dawa imfanyie kazi. Hutueleza tulipofika, watu wakapiga makofi. Mama hupiga pia. Kisha huinua mkono na kuuliza, "Na wangu je? Wangu mmemhesabu?"

Juzi jirani yetu aliyepeleka ndengu kuuza Meru alirudi akisema amekuona kwenye jengo moja, unapanga mawe, una mwili. Anasema alikuita, ukageuza uso. Sikumaliza hata kumsikiliza. Nilikwenda Meru, nikauliza mafundi jengo kwa jengo, nikakosa. Mwishowe nikaingia kwenye kliniki ya dawa, nikamwuliza muuguzi kama kaka yangu huwa anafika pale.

"Dada, siwezi kukuambia anakuja," akanijibu. "Na siwezi kukuambia haji."

Nilikasirika. Nikatoka, nikakaa nje nikiwatazama watu wakiingia na kutoka, na hasira ikanishuka. Kama hawaniambii mimi niliyenyonya nawe ziwa moja, basi hawamwambii yeyote. Popote ulipo, kuna mtu anayekutunzia siri kuliko tulivyokutunza sisi. Yule muuguzi alinifuata nje. "Andika barua," akasema. "Usitaje jina lake. Nitaibandika pale watu wanapongojea."

Basi hii hapa. Kama unaisoma, uko kwenye dawa, na hilo pekee linanitosha kulala usingizi. Kama unaisoma wewe mwingine, una dada au mama mahali fulani, naye pengine anajaribu nambari yako.

Baba amezeeka, hasemi mengi, ila akiona mtu mrefu anakuja kwa njia husimama. Mama nilimwuliza niandike nini kwa niaba yake. Akasema: "Mwambie simwiti aje nimsamehe. Namwita aje anisamehe. Na kama hawezi kurudi huku, aseme tu yuko upande gani wa mji. Meru sijawahi kufika, lakini mdomo ninao. Nitauliza njia."

Ni mimi dada yako, anayekufuata kuzaliwa.