Bima Niliyoambiwa ni ya Hiari

Chumba cha Ushonaji,
Juu ya Duka la Viatu,
S.L.P. 417.
9 Agosti

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Hujambo mdogo wangu? Mgongo umepoa, au bado unashuka kwenye lori lako umejikunja kama babu? Wifi yangu hajambo? Mimi mzima, ila tundu la sindano sasa nalitafuta kwa kupapasa. Mama analalamikia magoti. Ulimi wake bado ni mkali.

Najua ulipoona mwandiko wangu ulitaka kuiweka barua kando. Isome kwanza, halafu uninunie vizuri.

Miezi mitano hupokei simu zangu. Ulinidhamini nikakopa pesa za cherehani ya kudarizi. Mkataba ukasema laki nane, risiti ya cherehani ikasema laki saba, ukamwambia Mama nimekula laki moja. Sikuila. Mkononi nilipewa laki saba tu. Ila uliponiuliza nyingine imekwenda wapi, sikujua, nikaona haya kusema sijui, nikajifanya nimekasirika. Hapo nilikosea, nisamehe.

Juma lililopita nilikwenda ofisi inayosimamia wakopeshaji. Mama mmoja mpole alishika penseli, akazigawa ada zangu: zile ambazo usipolipa hupati mkopo, zile za hiari kweli, na faini za kuchelewa. Hizo za kwanza, sheria inataka zihesabiwe kwenye gharama ya mkopo, ziandikwe ukurasa wa mbele, uzione kabla ya kutia sahihi.

Bima yangu ilikuwa ukurasa wa sita, kwa maandishi madogo kama chawa, imeitwa ada ya hiari. Akaniuliza, "Ungeikataa, wangekupa mkopo?" Nikamwambia afisa wa wakopeshaji wangu alisema bila bima nirudi nyumbani. "Basi hiyo si hiari, dada," akasema. "Ni sehemu ya bei ya mkopo, wameificha tu." Laki yako yote ilimezwa na bima hiyo. Wameandikiwa wahesabu upya, na huenda kitu kikarudi.

Kuuliza si ujinga, tuliimbiwa tangu utotoni, na mimi mtu mzima nilitia sahihi kwa sababu foleni nyuma yangu ilikuwa inaguna. Nakala ya mkataba nimeiweka humu. Kagua mwenyewe.

Salamu kwa wifi, na kwa wale mapacha watundu. Mjomba kinyozi anakusalimu, anasema kichwa chako anakidai.

Jambo moja zaidi. Yule mama alinionyesha pia orodha ya malipo. Mei na Juni nilikuwa nimelala na homa, sikupeleka hata senti, nikadhani wakopeshaji wamenionea huruma. Kumbe miezi yote miwili imelipwa kwa jina lako. Uliniona mwizi, na bado ukanilipia. Niliposoma hapo nilimwomba yule mama anisomee jina lako mara ya pili, mdogo wangu.

Mungu akulinde barabarani, akurudishe kwetu salama.

Dada yako akupendaye hata ukinuna,
Sindano