Barua Ambayo Hawakuihitaji

Barabara ya Ziwani, Na. 17,
Gladstone, Michigan.
9 Aprili 2018.

Mpendwa Shangazi Helmi,

Shikamoo. Natumaini goti limekupunguzia maumivu na jua la huko Tucson halijakuchosha. Sisi huku tu wazima. Presha ya Baba imeshuka kidogo, ingawa chumvi hajaiacha. Anaificha nyuma ya kopo la kahawa akidhani sijui. Theluji bado ipo kando ya barabara, imekuwa nyeusi. Barafu ya ghubani imeanza kupasuka na wavuvi wameshaondoa vibanda vyao vya kuvulia juu yake.

Barua yako ilifika Jumanne. Umeniuliza kwa niaba ya mjukuu wa jirani yako, yule aliyetimiza miaka ishirini na miwili: je, ni lazima mtu awe na barua ya mwanasaikolojia ndipo aanzishiwe homoni za kubadili mwili? Inategemea anabisha hodi wapi. Wapo madaktari wanaoidai. Zipo pia kliniki ambazo mtu mzima anaelezwa dawa zitamfanya nini, akielewa anatia saini mwenyewe na kuanza. Upasuaji ni habari nyingine. Huko barua bado zinadaiwa mara nyingi. Mwambie apige simu aulize kabla hajaanza kungoja. Mimi sikuuliza.

Sijawahi kukusimulia yote, na Baba najua hakukuambia kitu. Unamjua kaka yako.

Miaka miwili na nusu iliyopita nilikwenda kwa daktari wetu wa hapa mjini, yule aliyemtibu marehemu Mama. Nilimwambia kwamba mimi ni mwanamke, kwamba nimelijua hilo tangu utotoni na nimechoka kulinyamazia, nikaomba homoni. Aliangalia karatasi zake muda mrefu, kisha akasema nilete kwanza barua ya mwanasaikolojia. Nikadhani ndiyo sheria ya nchi nzima. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, naendesha greda la theluji la wilaya, nikaondoka pale kama mtoto aliyetumwa kumleta mzazi shuleni.

Aliyekubali kunipokea alikuwa Wausau, mwendo wa saa tatu. Jina lake Bwana Pruett. Kila Alhamisi ya pili nilikwenda. Baba alisema barabara ni mbaya, nisiende peke yangu, basi akawa anakuja. Alikaa ndani ya gari na chupa yake ya kahawa na gazeti. Hakuuliza ninaenda kusema nini mle ndani.

Bwana Pruett aliuliza mengi. Nilicheza na nini nikiwa mdogo. Nilimpenda zaidi nani, Baba au Mama. Mbona nafanya kazi ya kiume kama kweli mimi ni mwanamke. Kila nilipouliza habari za barua alisema, "Tutaona safari ijayo." Baada ya miezi kumi akaniambia niishi kwanza mwaka mzima kama mwanamke, kazini na mitaani, bila dawa, ndipo ataandika.

Nikafanya hivyo. Asubuhi ya kwanza niliingia gereji nimevaa blauzi ya Mama ya buluu chini ya koti la kazi, nimepaka rangi ya mdomo. Wanaume walikuwa wanakunywa kahawa.

"Jamani, leo tumeletewa bibi harusi!" Dale akasema.

Verne, msimamizi wetu, hakuinua kichwa. "Bibi harusi huyo anakipanda kile kilima cha reli na greda bila kuteleza. Wewe mwaka jana ulililaza mtaroni."

Wakacheka, nami nikacheka. Siku zilizofuata hawakucheka wote. Kuna mtu alikwaruza neno kwenye kabati langu kwa msumari. Verne akalipaka rangi, lakini ukijua lilipo bado unaliona. Dukani watu waliacha kusimama nyuma yangu kwenye foleni. Kanisani mchungaji alinisalimia vizuri kila Jumapili, ila mikono ya wengine ilipungua. Sauti ilikuwa ileile, ndevu zilezile, kila asubuhi nazinyoa mara mbili. Nadhani ni katika mwaka huo nilipoanza kufa ganzi. Sikukasirika. Nilikuwa nikirudi nyumbani, navua buti, nakaa kwenye kiti cha jikoni mpaka Baba aseme chakula kinapoa.

Barua niliipata Desemba. Ukurasa mmoja. Baba aliniomba aisome, tukiwa bado kwenye maegesho. Alivaa miwani, akaisoma pole pole, akaisoma tena.

"Huyu hakuandika habari zako," akasema. "Anasema 'mteja, mteja'. Hata kwamba unaendesha greda hakusema."

"Si barua ya kuombea kazi, Baba."

"Hata hivyo."

Nikaipeleka kwa daktari wetu. Akaisoma amesimama. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba amefikiri sana, hana uzoefu na dawa hizo na asingependa kujifunzia kwangu, nitafute mtu mwingine. Nikamwambia asante. Nikarudi kazini, nikasukuma theluji mpaka jioni. Sikumwambia Baba kwa siku nne.

Siku ya tano nikamwambia. Kesho yake nilikuwa naosha vyombo, nikamsikia akiongea na simu ya ukutani, kwa ile sauti aliyozoea kupaza gatini alipokuwa akipakia meli za madini ya chuma.

"Halo! Mtoto wangu anataka dawa za homoni. Barua tunayo!" Akasikiliza. "Thelathini na nane." Akasikiliza tena. "Ndiyo, najua si mtoto. Kwangu ni mtoto." Akabana simu sikioni. "Unasema haihitajiki? Hata kidogo? Tangu lini?"

Akafunika simu kwa kiganja, akanigeukia. "Wanasema tangu zamani."

Ilikuwa kliniki ya Green Bay. Saa mbili kutoka hapa, Shangazi. Tulikuwa tukiipita Green Bay kila mwaka kwenda kumnunulia Baba viatu.

Tulikwenda Februari. Nesi alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba. Nilimpa bahasha kabla hajaniuliza. Akaitazama, akanirudishia. "Itunze tu, mpenzi. Sisi tunataka kusikia kutoka kwako." Nikamwuliza tena kama ana hakika. Akasema ana hakika. Daktari alikaa nami karibu saa nzima: damu kuganda, uzazi, yapi yatabadilika na yapi hayatarudi nyuma, yapi yatachukua miaka. Wakanipima presha, wakatoa damu, nikasoma karatasi, nikatia saini. Nikangoja moyo uruke. Niliwaza kwamba nimesahau kufunga bomba la nyuma ya nyumba.

Kwenye gari Baba aliuliza, "Wamekubali?"

"Wamekubali."

"Bila ile karatasi?"

"Bila."

Akaendesha maili nyingi kabla hajasema, "Mwaka mzima wa blauzi ya mama yako." Nilipaswa kumwambia neno. Badala yake nikawasha redio.

Majibu ya damu yalitoka vizuri, tukaenda kuchukua dawa duka la hapa mjini. Pale watu wote wanatujua. Yule kijana wa dukani aliita lile jina la kwenye kitambulisho changu, kwa sauti. Baba alikuwa mbele yangu. Alisogea kaunta, akavua kofia.

"Anaitwa Aila," akasema. "Andika hapo. Aila."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia kinywani mwake. Yule kijana akaliandika kwa kalamu juu ya mfuko. Nyuma yetu watu watatu walikuwa wanasikiliza. Baba akavaa kofia, akanipa mfuko, akatangulia mlangoni.

Sikulia, Shangazi. Ningetaka kukuambia nililia. Nilimfuata mpaka kwenye gari, tukapita kununua mikate ya nyama na viazi, tukala ndani ya gari.

Sasa ni wiki ya saba. Vibandiko vya homoni nabandika tumboni Jumatatu na Alhamisi, vidonge asubuhi na jioni. Kifua kinauma kidogo nikifunga mkanda wa gari. Daktari anasema ndivyo inavyoanza. Nasema sawa. Bado naamka, naenda kazini, narudi. Labda kitu kilicholala muda mrefu hakiamki siku unayokiita.

Msalimie sana Bwana Arvo, na Sirkka na mumewe. Yule mjukuu wa jirani yako mwambie asiogope kuuliza maswali ya kijinga. Baba anakusalimu, anasema utume yale machungwa. Mungu akulinde na akupe miguu ya kuja huku kiangazi.

Ukipiga simu Jumapili, usiniulize kama nina furaha. Niulize nimekula nini. Hilo nitaweza kukujibu.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye,

Aila