Ampule Uliyoiweka Wewe

Mama Neema wangu,

Najua barua haifiki huko uliko. Nimefundisha darasa la sita miaka mingi, sihitaji mtu aje kunieleza kwamba wafu hawasomi. Lakini kuna jambo nimelifanya, na sina mtu wa kumwambia ambaye ataelewa ubaya wake. Nikimwambia Neema kwa simu kule Uvira, atasema, papa, hiyo ni ampule tu, balbu ya gari. Wewe hutasema hivyo. Basi kaa, nikwambie.

Taa ya mbele ya kuume ya gari letu imekufa. Ile ambayo ampule yake uliiweka kwa mkono wako, juma moja kabla ya tension, ile presha ya damu, kukuangusha. Haikufa yenyewe. Mimi ndiye niliyeiua.

Unakumbuka kazi hiyo ya taa ulivyoianza. Tulikuwa tumempelekea fundi gari, akaing'oa taa nzima ya kushoto kwa nguvu, akavunja sikio lake la plastiki, kisha akatufungia kwa ukanda wa mpira. Ulirudi nyumbani umenuna mpaka kesho yake. Ampule ya upande huo ilipoungua tena ukasema hakuna fundi atakayeweka mkono wake humo. Mimi nikajitia kiburi, nikafungua boneti. Mwalimu mzima, ninayechora umeme ubaoni, plus huku na minus kule, nikashindwa kupitisha mkono nyuma ya betri. Nilijaribu hivi, nikajaribu vile, nikachubuka vidole vyote, nikaanza kumtukana aliyeliunda gari. Ndipo uliponisukuma kando kwa nyonga.

"Toka, mwalimu. Mukono yako iko munene."

Ukaingiza ule mkono wako mwembamba mpaka kwenye kiwiko. Hukutazama hata. Ulikuwa unaangalia ziwa, macho yako mbali, vidole vinatafuta peke yao kama vya mtu anayetafuta ufunguo chini ya mfuko. Nikasikia kitu kikilia *tak*, na ampule ile iliyoungua ikatoka. Mpya uliitoa kwenye kikatoni chake kwa kipande cha kitenge, umeishika kwenye chuma chake, kioo hukigusi. Nilipotaka kusaidia ukanipiga mkono kama unamzuia mtoto asishike sufuria.

"Usishikake kioo, Papa Neema. Shika ku chuma. Mafuta ya vidole inauwaka ampule."

Nikakuuliza nani alikufundisha. Ukasema kuna picha kwenye kikatoni, mkono wenye msalaba mwekundu juu yake, na mtu mwenye macho haendi shule kwa ajili ya hilo. Nilicheka, lakini liliniuma kidogo. Na tangu siku hiyo kazi ya taa ikawa yako, nami nikawa wa kushika kitambaa, mpaka hiyo ya kuume, ya mwisho.

Nakumbuka zaidi zile jioni ambazo umeme ulikatika mtaa wetu mzima wa Muhumba, na wewe una mabeseni mawili ya sambaza, vile visamaki vya ziwa ulivyouza sokoni, vya kuchagua kabla havijaharibika. Ulikuwa unaligeuza gari, pua lake litazame uwanja, unawasha taa, kisha unaketi kwenye kigoda katikati ya ule mwanga. Samaki wanang'aa, vidole vyako havitulii. Mimi nasimama pembeni nalalamika. Nilikuwa nalalamika sana, sijui kwa nini. Nilisema utaimaliza betri, kesho gari haliwaki, mwalimu atakwenda shule kwa miguu. Ukanijibu bila kuinua kichwa kwamba betri itapona, sambaza hazingojei mtu. Mama, leo ningekuachia betri kumi uzimalize.

Ulipokwenda, kila kitu chako kiligawanywa kama desturi inavyotaka. Vitenge walichukua dada zako. Mabeseni alichukua mwenzako wa sokoni, yule mnene mwenye sauti. Sikugombana na mtu. Nilikuwa ninajua kimoja ambacho hawakukijua. Moyoni nikasema, hiyo taa ya kuume ni yake, ndiyo ya mwisho aliyoiweka kwa mkono wake, na maadamu inawaka kuna kazi ya mke wangu ambayo bado inaendelea hapa duniani. Usicheke. Nilikuwa natoka asubuhi jua likiwa juu na kurudi kabla giza halijaingia, ili nisiitumie ovyo. Shuleni walisema Mwalimu siku hizi analala na kuku. Niliwaacha waseme. Jumapili moja kwa mwezi niliiwasha kidogo, dakika moja, nikaiona kwenye ukuta wa jirani, nikaizima.

Kisha majuma mawili kabla ya misa yako ya mwaka, ya kushoto, ile uliyoanzia, ikaungua.

Mama yako alikuwa amenipigia simu kutoka kijijini kwenu Nyantende. Misa itakuwa saa kumi na mbili kamili asubuhi, kabla watu hawajaenda shambani, na baada yake tutakwenda kaburini tutoe kilio, tufunge matanga, kila mtu arudi kwenye maisha yake. Akaniomba nije na gari. Magoti yake hayamfikishi tena kaburini, kile kilima unakijua. Nikamwahidi. Nikamwambia hata habari ya ile taa yako, kwamba itanileta kwake gizani. Akasema basi ni vizuri, mutoto wangu atakuja pia. Baada ya maneno hayo ningewezaje kuchukua gari la mtu mwingine?

Lakini kuondoka Muhumba saa kumi na moja alfajiri, kupanda Nyawera, kushuka Essence, kupita Panzi na mashimo yake yote, kwa jicho moja, na askari wa barabarani hawajui kusikiliza habari ya marehemu. Ilibidi ile ya kushoto nibadilishe. Na ya kushoto ndiyo iliyojificha nyuma ya betri.

Sikutaka fundi. Unajua kwa nini. Nilivua shati, nikaingiza mkono. Ukaishia kwenye kifundo. Nikapaka sabuni, ukaingia kidogo, ukakwama, na nikakaa pale robo saa nzima nimeshikwa na gari langu mwenyewe kama panya. Jirani yetu Papa Byamungu alipita akanihurumia, akasema toa betri kwanza. Ni kweli, kila mtu mwenye akili angeitoa betri kwanza. Lakini ile nati ilikuwa imeliwa na kutu, nikaizungusha mpaka pembe zake zikaisha, ikabaki mviringo mtupu. Niliketi chini nikaliangalia gari. Nilitamani kulia, Mama Neema, na nilikuwa sijalia tangu mazishi.

Sasa sikiliza kosa langu. Unajua wale wauzaji wa vipuri Kadutu. Ukienda mikono mitupu ukamwambia nataka ampule ya gari fulani, atakupa yoyote, na ukirudi kesho atasema hakujui. Ndiyo maana sisi sote tunabeba ile ya zamani, tunaiweka mezani, tunasema nipe kama hii. Ndivyo tulivyozoea. Lakini ile ya zamani ilikuwa nyuma ya betri, haitoki. Ya kuume ilikuwa wazi, nafasi tele, hata mkono wangu unaingia. Nikasema, nitaitoa hiyo nzima, nimwonyeshe, niirudishe mahali pake.

Niliitoa vizuri. Naapa, niliishika kwenye chuma. Niliifunga kwa kitambaa cha kanisani, kile cheupe, nikaiweka kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Nilipanda Kadutu kwa miguu ili nisibanwe na watu.

Muuzaji alikuwa kijana, mikono yake myeusi kwa grisi, anakula mkate. Nilifungua kitambaa juu ya meza yake, na kabla sijasema neno aliichukua. Aliichukua kwa kioo, Mama. Kwa dole gumba na kidole cha pili. Akaigeuza kwenye jua, akaigusisha kwenye betri iliyokuwa pale chini, ikawaka mkononi mwake.

"Lakini hii iko nzima, muzee. Uko natafuta nini?"

Nilipaswa kupiga kelele. Nilipaswa kumnyang'anya. Badala yake niliona haya. Niliogopa atamcheka mzee anayelilia ampule sokoni, nikamwambia tu nataka nyingine kama hiyo. Akanipa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa nimelisikia, nikalijua kwa moyo, halafu nikalimeza kwa sababu ya aibu mbele ya mtu nisiyemjua. Njiani nilisimama nikaifuta kwa kitambaa kile cheupe. Nilifuta sana. Nadhani nilisambaza tu yale mafuta.

Nyumbani niliirudisha, ikawaka. Nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka Papa Byamungu akachungulia ukutani. Ile nati niliikata kwa msumeno, kazi ya siku mbili, betri ikatoka, nikaifikia ya kushoto. Ule waya wa kubana ukaniponyoka, ukarukia ndani ya tumbo la gari, na mpaka leo sijauona. Nikaifunga ampule mpya kwa waya wa sengenge. Ilikaa kombo. Nilipowasha, taa yako ilitazama barabara, na yangu ilitazama juu kwenye parachichi la jirani, inamulika majani. Ungekufa kwa kicheko. Nilijaribu kuinyoosha mara nne, kisha nikasema inatosha, yangu ni ya kuwaridhisha askari, nitaendeshea yako.

Na nikaendeshea yako kweli. Asubuhi ile ilikuwa na manyunyu. Nilivaa koti la harusi ya Neema. Kutoka hapa mpaka Essence ulikuwa mbele yangu, njano, unanionyesha shimo moja moja, na nikaongea nawe njia nzima. Nilikuwa karibu na furaha. Tulipita Panzi. Kisha gurudumu likaangukia shimo, si kubwa hata, na upande wa kuume ukawa giza. Hakukuwa na sauti. Nilishuka nikagonga kioo cha taa kwa ngumi, nikarudi ndani, nikazima nikawasha, nikazima nikawasha. Ile yangu ya kombo iliendelea kumulika matawi, na barabarani sikuona kitu.

Nikalisogeza gari pembeni, nikangoja kupambazuke. Nilisikia kengele ya misa? Hapana, ni mbali, nisikudanganye. Lakini nilitazama saa ikifika kumi na mbili, na nikajua padri sasa anataja jina lako, na kwenye benchi la mbele pale kwa mume hakuna mtu.

Nilipofika kanisa lilikuwa tupu, mlinzi anafagia. Mama yako nilimkuta kwenye njia ya kilima, ameketi juu ya jiwe, goti limevimba, fimbo chini. Wengine walikuwa wametangulia juu. Alikuwa amengoja, kisha akaamua kupanda mwenyewe, na alikuwa hajafika hata nusu. Nilipiga magoti mbele yake kwenye matope nikaomba radhi. Hakunigombeza. Aliangalia gari nyuma yangu, macho yake hayaoni vizuri siku hizi, akaniuliza kitu kimoja.

"Ile taa ya mutoto wangu?"

Nikamwambia imezimika, mama. Njiani.

Aliokota fimbo yake. Kisha akanyoosha mkono nimwinue, akasema, "Basi. Na hiyo pia."

Nilimpeleka mpaka gari lilipoweza kufika, na kutoka pale nikambeba mgongoni. Watu walikuwa wameshamaliza kuomba. Wakatutolea kilio sisi wawili haraka haraka, kwa kuwa jua lilikuwa limepanda na majembe yanangoja, wakatuambia sasa imekwisha, turudi kwenye maisha. Mama yako alirudi kwenye yake. Mimi sijui yangu yako wapi.

Jana niliitoa ile ampule. Nilifikiri nitaitunza kwenye kabati pamoja na rozari yako, maana ni kitu cha mwisho ulichokishika. Niliileta dirishani. Kioo kimekuwa cheusi ndani, na ubavuni, pale kilipoungua, kuna alama. Imeiva kwenye kioo, haifutiki, na mistari yake yote inaonekana. Ni alama ya dole gumba.

Niliitazama sana kabla ya kuelewa. Mwaka mzima nimetunza kitu nikisema mkono wako umo. Na wewe, kwa sababu ulikuwa unajua kazi, hukugusa kioo chake hata mara moja.

Gari liko uwanjani, pua lake limeelekea pale ulipokuwa unaweka kigoda. Papa Byamungu ameniambia ampule nyingine zipo, niende Kadutu. Nimemwambia nitakwenda. Sitakwenda.

Lala, Mama Neema. Huku kwetu kumeshakuwa giza.

Mimi mwenye mkono mnene,
mume wako, Papa Neema