Filamu Iliyobaki Ndani ya Kamera Yako

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia mezani pako, kamera yako iko mbele yangu, na naogopa kuifungua.

Tangu tukuzike sikuigusa. Ndani mna filamu uliyoianza mwenyewe kule Ibra, ikabakiwa na nafasi ya picha moja. Juzi mdogo wako, Ami Salim, akanipigia simu: ukuta wa nyumba ya udongo ya bibi yako umeinama vibaya, mvua inakuja, wanauangusha usije ukaangukia watoto. Nikachukua kamera yako, nikatoka Nizwa mbio mbio kwenda Ibra.

Unajijua wewe. Miaka yote umepiga picha magofu ya mtaa ule, nyeusi na nyeupe tu, maana udongo, ulikuwa ukisema, rangi yake moja. Kinachosema ni kivuli. Lakini ndani hukuingia hata siku moja. Ulibisha hodi mlangoni pasipo na mlango, mara tatu, ukangoja, na asipoitika mtu ukageuka. Tulikucheka mpaka mbavu zikatuuma. Picha zako zote ni za vizingiti.

Basi nami nikasimama pale pale nikabisha. Kimya. Nikabisha tena, kimya. Nikajisemea, narudi, na nyumba inakwenda hivi hivi. Ya tatu, sauti ikatoka ndani:

"Karibu, mwanangu. Pita."

Nilishtuka nikataka kukimbia. Kumbe Ami Salim, na mguu wake ule mbovu, amezunguka akaingilia pengo la nyuma, ili apatikane mtu wa kuitika. Naye amesimama chini ya ukuta wenyewe ulioinama. Nikaingia, nikamwambia atoke, akasema nipige picha kwanza. Nikapiga, nikamvuta mkono, tukatoka. Nilimgombeza mpaka garini, naye anacheka na machozi yanamtoka.

Jana wameuangusha.

Sasa picha zako na yangu zimo katika filamu moja. Dawa ya kusafishia filamu nimeichanganya kama ulivyonifundisha, na bado sithubutu. Nikikosea zinakwenda zote. Nataka kukuuliza na hupo, Baba, hilo ndilo linaloniumiza.

Nitaisafisha Ijumaa baada ya sala, inshallah, kwa mkono wangu mwenyewe. Itoke isitoke, nimeingia badala yako. Mle ndani, ukuta wa jikoni bado ulikuwa na masizi ya moshi wa bibi yako. Nikapitisha kidole, kikatoka cheusi. Sikukiosha mpaka nilipofika Nizwa.

Mola akupanulie kaburi lako.

Mwanao,
Zuwena