Baruti ya Karabini Haiko na Magamba

Papa Furaha, muzee yangu uliye mbali huko Mwenga,

Kichwa yako uliisahau ndani ya lori? Weka ile bunduki ya karabini chini. Zile risasi sita uliandika kama umeshajaza, usipige hata moja, si kwa nguruwe, si kwa kujaribu. Baruti uliyotia ndani si yake. Umeweka chini? Basi kaa, nikugombeze vizuri.

Chauffeur wa lori amenipa barua yako asubuhi hii, niko napepeta maharagi. Umeandika na furaha kama mutoto aliyepata viatu ya Noeli: «Mama Furaha, baruti ya kopo ya kitambaa chekundu iko safi, bapa kama magamba ya samaki sambaza, na inawaka mbio. Siku ya Mungu, misa ikiisha, nguruwe inayomaliza muhogo ya mudogo yangu itanijua.» Magamba! Tangu lini ile karabini inakula magamba? Magamba ni ya bunduki ya kupiga kanga. Karabini inakula vijiti vidogo vidogo. Miaka yote hii niko napima baruti mbele yako, macho yako ilikuwa inaangalia nini? Sura yangu?

Unakumbuka ile siku kwenye baraza ya patron, mukubwa yako ya kazi, kule plantation ya chai, mbele ya kurudi kwao na kukuachia karabini na makaratasi yake? Alikuwa anakufundisha kujaza maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa. Akamwaga baruti mbili kwenye sahani mbili, akasema moja inawaka mbio, ingine inachelewa, na kila bunduki iko na yake. Wewe ulikuwa unatikisa kichwa tu, «oui patron, oui patron», na ndani hakuna kitu iliingia. Mimi, niliyeleta chai, ndiye nilijibu: «Ni kama jikoni. Majani makavu ya mahindi inalipuka mara moja, inapasua nyungu. Gogo kubwa inachelewa, chakula inaharibika. Maharagi inataka kuni ya katikati.» Patron alicheka mpaka kofia ikaanguka. «Muzee, baruti atachagua bibi yako.» Na nimechagua, mimi wa darasa mbili tu kwa masista. Nani alipata kupoteza kidole katika nyumba yangu? Hakuna.

Siku moja tu ulinikatalia. Ukatia ile ya vijiti vinene, ya bunduki kubwa ya mbogo. Karabini inajisukumia risasi ya pili yenyewe, na ule moto wa kuchelewa ulirudisha chuma nyuma kama mbuzi dume mwenye hasira. Ganda likaruka ukuta, likaanguka katika nyungu ya jirani aliyepika sombe, majani ya muhogo. Akaja na mwiko mukononi: «Papa Furaha, leo ndiyo nyama umetuletea?» Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe hukucheka. Chuma kilipinda, na nguruwe walipumzika miezi mingi.

Na yule muchuuzi wa mujini, unamukumbuka? Nilikuwa nasoma karatasi ya kila boksi, herufi moja moja, watu wanangojea nyuma yetu. Akachoka: «Maman, baruti ni baruti, kamata yoyote.» Nikamwambia: «Na muke ni muke? Leo lala kwa muke wa jirani tuone kama bwana yake atakubali.» Duka nzima ikapasuka kwa kicheko. Wewe ulinyoosha koti yako ya abakosti kama haunijui, lakini njiani, karibu na ziwa, ulinikamata mukono. Katika mapendo yetu yote, ile mukono ndiyo ninakumbuka.

Sasa sikiliza, maana hii nitaisema mara moja tu, na ukinikumbusha siku ingine nitakataa. Kosa ni yangu.

Mvua ilipolowesha zile boksi, nilihamisha baruti katika makopo ya maziwa. Kitambaa chekundu kwa karabini, cheusi kwa bunduki ya kanga. Nilijisifu: hata muzee wangu hawezi kupotea. Mutoto yetu Furaha alipozaa kule Katana, nilifungua vile vitambaa nikafungia unga wa uji ya muzazi. Niliporudi, roho ikiwa bado kwa mujukuu, nilivirudisha juu ya makopo bila kufungua na kuangalia ndani. Wewe uliamini kitambaa changu. Leo nilisoma barua yako, nikaenda kwenye etajeri, ile rafu ya makopo, nikafungua kopo iliyobaki, ile ya kitambaa cheusi. Vijiti! Maharagi yangu kuku wameimaliza, sikuwafukuza.

Niliona mukono yako, Papa Furaha. Niliona jicho yako. Moto ya mbio vile, ndani ya ile karabini, inapasua chuma mbele ya uso ya mutu. Kisha nikahesabu siku: leo ni Alhamisi, lori inapanda kesho asubuhi, siku ya Mungu bado. Nikashukuru Bikira Maria, nikakamata kalamu, nikaanza kukugombeza. Mutu hagombezi maiti, kwa hiyo ujue niko na furaha.

Nguruwe, wafukuzeni na ngoma na imbwa juma hii. Kopo uifunge, usimupe mwindaji mwengine hata kijiko. Zile sita usizifungue na vidole yako mizito, uzilete. Tutanunua boksi mupya, na baruti itabaki ndani ya boksi yake, na karatasi yake, hata nyumba ikivuja mpaka kitandani. Mujukuu iko na pua yako, masikini. Rudi uione.

Lakini mbele ya yote, chauffeur anakungojea hapo mulangoni. Usimutume mutu akuandikie. Kamata kalamu na ile mukono yako ya kuume, uniandikie mustari moja. Sasa hivi.

Bibi yako,
Mama Furaha