Ndizi Nilikula, Jina Sikutaja

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku kijijini Kilema ng'ombe amezaa jike, na babu yako anajisifu kama amezaa yeye.

Umeuliza kama uwataje wateja wa ofisi yenu kwenye wasifu wako. Nilipokuwa karani wa wakili pale Moshi, niliomba kazi chama cha kahawa. Niliandika tu kwamba nachapa wosia za familia zinazorithishana vihamba, yale mashamba ya ukoo ya kahawa. Kwenye usaili mwenyekiti akasema, "Taja familia hata moja, tukuamini."

Kazi niliitaka mno, lakini nikamjibu, "Samahani mzee, siwezi. Nipeni mashine, nichape mbele yenu."

Mama mmoja wa kamati, ambaye nilikwepa macho yake tangu niingie, akaangua kicheko. "Mwajirini! Wosia wangu kauchapa huyu, na wanangu hawajui nani atapata kihamba. Angenitaja, ningemrushia kikombe!"

Nilianza Jumatatu. Basi mama, andika kazi uliyofanya, watu waache kwao.

Wanawe yule mama waliposikia kwamba wosia niliuchapa mimi, waliniletea ndizi miaka mingi wakinidodosa nani atapata kihamba. Ndizi zilikuwa tamu sana, nami nilishukuru kila mkungu.

Bibi yako anayekupenda