Wimbo wa Mama Mkubwa Umetoka Kabla ya Siku Yake

Palma, Jumapili, Januari. Mvua tangu alfajiri, kisha kijua kidogo, kisha mvua tena.

Nimerudi nyumbani sasa hivi, matope mpaka magotini. Sina hamu ya chai wala ya kuongea na mtu. Blogu hii ina wasomaji wanne, na mmoja wao ni mimi mwenyewe, kwa hiyo hapa ni mahali salama pa kusema nilichofanya.

Nimemharibia mama mkubwa wimbo wake.

Nianze mwanzo. Mama mkubwa Somoe ni dada yake mama, na ndiye mtunzi wa kikundi cha tufo cha mtaa wetu. Tufo ni ngoma ya wanawake: kapulana za sare, yaani vitenge vyetu, nyuso zimepakwa msiro mweupe wa mti, wanacheza wamepiga magoti huku matari yakilia pembeni. Kuimba wanaimba wote. Kutunga ni yeye. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na najua Kireno, basi miaka mitatu iliyopita wakanifanya katibu. Kucheza, ingawa ni mwanamke mwenzao, sijui hata kidogo. Kazi yangu ni kusoma barua na kuzijibu.

Mwaka jana barua zikawa nyingi. Tangu wasikie gesi imeonekana huko baharini, watu wamejaa Palma: wageni wenye vizibao vya kung'aa, watu wa Maputo wenye kompyuta mapajani, na kila mmoja anataka kutusaidia kwa jambo fulani. Ndipo akaja senhor Adelino, kijana mpole wa shirika moja la sanaa lenye ofisi Pemba, mji mkuu wa jimbo letu. Alisema wamepata ufadhili wa kuinua wasanii wa pwani. Niseme ukweli, nampenda senhor Adelino. Alikaa mkekani, akala samaki kwa mkono, akajifunza kusema shikamoo, ingawa aliwaamkia hata watoto wa chekechea.

Alituachia fomu ya kurasa kumi na nne. Mahali fulani iliuliza mpango wa kikundi ni wa miaka mingapi. Nilipowatafsiria, wanawake walicheka mpaka mmoja akatoka nje kupumua. Mama mkubwa akaniambia niandike kwamba tukifika Maulidi salama, Alhamdulillahi. Mimi nikaandika miaka mitano.

Ukurasa wa kumi na mbili ndio ulioniponza. Walitaka rekodi ya kazi mpya, ambayo haijasikika popote.

Hapa nieleze kidogo, kwa yule msomaji wangu aliyeko mbali. Kwetu wimbo mpya wa tufo hausikiki kabla ya siku yake. Kikundi chetu na cha Quionga, mji jirani, vinashindana tangu enzi za bibi zetu, na siku ya ngoma ya Maulidi kila upande unatoa wimbo wake. Wanafundishana mlango umefungwa, na mmoja anakaa uani anatwanga kinu kitupu, ili apitaye njia asikie kinu tu. Hata waume hawaambiwi. Anayeutoa wimbo mbele za watu ndiye mwenyewe. Ukija kuuimba baada yake, hata kama ulikonda kwa kuutunga, utaitwa mwigaji. Hakuna karatasi wala mahakama ya jambo hilo.

Haya nayajua tangu nikiwa mtoto mgongoni. Ndiyo maana sina cha kujitetea.

Na wimbo wenyewe wa safari hii haukuwa wa kawaida. Mama mkubwa amezoea kutunga nyimbo za uchokozi: mke wa fulani aliyeunguza pilau ya wageni, watu wa Quionga na minazi yao wanayojisifia. Huu aliutunga kwa ajili yake mwenyewe. Mumewe amezikwa kule Afungi, na Afungi ndiko wanakosema kutajengwa mitambo ya gesi. Watu watahamishwa, wanasema. Mikutano imeitishwa, naye alikwenda miwili, hakuinua mkono hata mara moja. Si mtu wa mikutano. Alilalamika kwamba Kireno chao kinakwenda mbio, na mkalimani anakata nusu. Lakini ngoma ya Maulidi wakubwa wote huja, administrador wa wilaya, watu wa kampuni ya gesi, wanawekewa viti vya mbele na kupewa madafu. Pale hawawezi kumkatiza mtu wala kutazama saa. Pale ndipo alipotaka wamsikie.

*Mkituhamisha sie, marehemu wabaki na nani?*
*Asubuhi ikipambazuka, salamu wapewe na nani?*

Una beti nyingine sita. Nilipousikia mara ya kwanza nilijifanya nakohoa.

Siku ya kurekodi, mwezi wa Novemba, tulifunga mlango na dirisha, joto likatupika humo ndani. Nilishika simu yangu. Kabla sijabonyeza, mama mkubwa akanikamata kiganja.

"Nnakuuliza weye, mwanangu. Nani ataisikia hii?"

"Ofisi tu, mama mkubwa," nikamjibu. "Wakishasikia wataandika tumefaulu, basi."

"Ofisi ya Pemba?"

"Ya Pemba."

Akaniachia mkono, akaimba.

Tulikubaliwa. Desemba tukaletewa matari mapya, kapulana za sare, na fundi wa kuwafundisha wanawake kukaa jukwaani. Fundi aliwataka wasimame, kwa sababu wakipiga magoti kamera yake haiwaoni wa nyuma. Walisimama, wakachekana kimyakimya, wakapewa vyeti. Nilifurahi sana siku ile. Niliona tunakwenda mahali.

Siku chache baadaye senhor Adelino akanitumia ujumbe mrefu wa Kireno. Wimbo wetu umewagusa mno pale ofisini. Wanaomba ruhusa wautumie kwenye mafunzo ya vikundi vingine kama mfano wa kazi nzuri, na wauweke kwenye ukurasa wao wa mtandao. Nilikuwa kwenye foleni ya mkate. Nikajibu nikiwa nimesimama palepale: asante sana, ni heshima kubwa kwetu.

Natamani niseme sikuelewa. Nilielewa. Niliona neno mafunzo, nikaona neno vikundi, na utamu wa kusifiwa kwa Kireno ukanivusha juu ya maneno hayo. Nilijiona mtu. Mama mkubwa nilijiambia nitamweleza kesho, na kesho yake pakazuka jambo jingine, na kesho kutwa pia.

Vikundi vingine, huku kwetu, maana yake ni Quionga. Mafunzo yalifanyika Quionga.

Alhamisi iliyopita palikuwa na harusi hapa mjini. Bwana harusi ni mtu wa Quionga, na wanawake wa kwao wakaja na ngoma yao. Mimi na mama mkubwa tulikaa mkeka mmoja. Matari yakaanza, na kwa muda mfupi sana nilifurahi, kama unavyofurahi kumwona mtu wa kwenu ugenini. Kisha nikaelewa nasikia nini. Ilikuwa sauti yake ileile, inapanda palepale, inashuka palepale. Maneno ndiyo yalikuwa mengine.

*Bibi harusi wetu sie, leo utakula na nani?*
*Asubuhi ikipambazuka, maji utamtekea nani?*

Vigelegele vikajaa ua mzima. Kuwa ni wimbo mtamu, hata mimi siwezi kukataa. Kabla ya jua kuzama watoto walikuwa wameshaushika, wanauimba wakikimbizana kati ya masufuria. Bi Anchia, kiongozi wa Quionga, alitutazama akatabasamu, na sikuona ubaya usoni mwake. Kwenye yale mafunzo mgeni alikuja kwao na spika, akaupiga wimbo wetu hadharani, akasema kina mama wa Palma wameutoa kwa moyo mmoja. Kwa desturi yetu, hiyo ni sawa na kitu kilichotupwa njiani. Aliokota.

Mama mkubwa hakuondoka. Alipiga makofi mpaka mwisho kama adabu inavyotaka, kisha akaniinamia sikioni.

"Nyimbo ishatoka, mwanangu."

Hakuniuliza chochote. Hata ilivyotoka hakuuliza.

Ijumaa nilimpigia simu senhor Adelino. Kireno changu, kile ninachojivunia, kilinikatikia mdomoni. Alinisikiliza mpaka mwisho na nilisikia kwamba ameumia kweli. Akauondoa wimbo mtandaoni muda uleule, nikiwa bado nangoja kwenye simu. Akasema ataandika kila mahali kwamba mtunzi ni Somoe, na atamtengenezea cheti chake peke yake. Akauliza kwa nini mama mkubwa asiuimbe tu na yeye, maana maneno ni tofauti. Nikajaribu kumweleza. Wakubwa watakuwa kwenye viti vya mbele, mama mkubwa atafungua kinywa, na kabla hajamaliza mstari wa kwanza watoto watammalizia kwa bibi harusi na maji yake. Watu watacheka. Watacheka huku yeye anamlilia mumewe.

"Niambie nifanye nini, professora," akasema. "Niambie, nitafanya."

Nikamshukuru, nikakata simu. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mwizi, au Bi Anchia angekuwa na roho mbaya, nikapata wa kugombana naye. Wote wawili ni watu wazuri. Kilichobaki ni simu yangu, na jibu nililolituma kwenye foleni ya mkate.

Jana nilijifungia ndani, nikasingizia kichwa.

Leo baada ya adhuhuri nikasema potelea mbali, nakwenda kumwambia kwamba ruhusa niliitoa mimi. Njia nzima nilipanga maneno na kuyapangua. Nilipoikaribia nyumba yake nikasikia sauti za wanawake ndani, chini chini, wanaimba. Nikapiga hodi.

Wakanyamaza.

Walinyamaza bila haraka, kwa upole, kama wanavyonyamaza mwanamume akipita. Mlango ukafunguliwa, nikakaribishwa, wakanisogezea nafasi mkekani. Walikuwa wengi wa kikundi pale, wanawake walionibeba, walionisuka nywele siku ya kwanza ya shule. Mmoja akaanza habari ya paa lake linalovuja. Mwingine akaitikia, na lake pia. Nikawekewa wali na samaki wa kupaka.

Nikalirudisha tonge sahanini. Nikasema mbele yao wote. Ujumbe ulikuja, niliusoma, nilikubali, sikuwaambia, na sababu ilikuwa kupenda sifa, hakuna nyingine. Nikalia pale pale, mwalimu mzima, kamasi na wali.

"Nnajua," mama mkubwa akasema. "Kula, wali unapoa."

Sijui alijua tangu lini. Labda tangu Alhamisi, labda tangu alipoona nimeanza kutembea nimeinua kidevu. Nikamwuliza siku ya Maulidi ataimba nini mbele ya wale wakubwa. Nilidhani katibu ana haki ya kuuliza. Wanawake wakainamisha macho kwenye mkeka. Mama mkubwa akaniongezea mchuzi.

"Utasikia siku hiyo," akasema, "na wenzio."

Hakukuwa na hasira ndani yake. Angenitukana ningeshukuru. Angenifukuza ukatibu ningejua pa kuanzia, ningekwenda kumlilia mama, ningetuma wazee, ningeomba radhi mwaka mzima. Lakini hakuna aliyenifukuza. Walinikumbusha hata kwamba kuna barua nyingine kutoka Pemba, ipo kwenye sanduku, nikipata nafasi niisome niwajibu.

Nikala mpaka sahani ikaisha, kwa kuwa ndicho kitu pekee nilichoombwa. Nikaaga. Wakanisindikiza mpaka mlangoni, wakaniambia niangalie utelezi. Nilikawia barazani nikivaa ndara, na ndani wakarudi kwenye habari ya mapaa, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Nikaelewa kwamba wanangoja niende.

Nilipozipita nyumba tatu, wakaanza kuimba tena nyuma yangu. Kama ni ule wa marehemu au ni mwingine, sijui. Nikaongeza mwendo kwenye matope, nisije nikayasikia maneno.